Mlango wa Shule Ukifungwa
Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Historia

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kuketi, na karatasi ya somo iko mbele yake. Nitasoma polepole, nanyi mfuate kwa macho na kwa kidole. Mkikuta neno gumu, msisumbuke. Maneno hayo nimeyaandika mwisho wa somo pamoja na maana zake. Ndugu mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni miaka hii minne: 1862, 1907, 1914, 1938. Tutaifikia mmoja mmoja.

Leo nataka kuwaeleza habari ya jambo ambalo kila mzazi analijua, lakini ni wachache waliopata kuuliza lilitoka wapi. Jambo hilo ni likizo ya shule.

Fikirini habari ya mama mmoja auzaye samaki sokoni. Ana watoto watatu. Siku za shule watoto huondoka asubuhi na vitabu vyao, naye huchukua kapu lake akaenda zake kazini. Moyo wake umetulia, kwa sababu anajua watoto wako wapi, na yuko mtu mzima anayewatazama. Kisha siku moja mtoto mkubwa anarudi na barua: shule imefungwa kwa muda wa mwezi mzima. Watoto wanaruka kwa furaha. Lakini mama anakaa kimya. Je, soko nalo limefungwa? Halikufungwa. Samaki hawangoji. Kodi ya chumba haingoji. Basi nani atawaangalia watoto? Nani atawapa chakula cha mchana?

Swali hili si geni. Watu wa nchi nyingine waliliuliza zaidi ya miaka 100 iliyopita, na majibu waliyoyapata yanaweza kutufunza. Leo tutasafiri mpaka Uingereza, kwa sababu desturi nyingi za shule zetu zilitoka huko. Tukiisha kuona mambo ya huko, tutarudi nyumbani.

LIKIZO ILIYOFUATA MAVUNO

Watu wengi hudhani ya kuwa likizo iliwekwa ili watoto wapumzishe akili. Kupumzika ni jambo jema, lakini hiyo haikuwa sababu pekee, wala huko vijijini Uingereza haikuwa sababu kubwa.

Tazameni mwaka wa kwanza ubaoni, 1862. Mwaka huo serikali ya Uingereza iliweka kanuni mpya ya kuzisaidia shule za watoto wa watu wa kawaida. Fedha za msaada zilitolewa kwa kufuata mambo mawili: watoto wangapi wamehudhuria, na wangapi wamefaulu mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Yaani, mtoto asipokuja shuleni, fedha nazo hazikuja.

Sasa fikirini kijiji cha wakulima wakati wa kuvuna ngano. Baba yuko shambani na mama yuko shambani. Mtoto mkubwa anafunga miganda, na mdogo anaokota masuke yaliyoanguka. Hata kabla ya mavuno watoto walitumwa kuamia ndege, kama wafanyavyo watoto wa kwetu katika mashamba ya mpunga na mtama. Mwalimu akifungua shule siku hizo, ataona madawati matupu, na hesabu ya mahudhurio itaanguka. Basi wenye shule waliona ni afadhali kufunga mlango mpaka mavuno yaishe. Likizo hiyo iliitwa likizo ya mavuno. Tarehe yake haikuwa moja kwa nchi nzima. Mvua ikichelewesha ngano, likizo nayo ilichelewa.

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa jimbo la Kent, kusini-mashariki ya London. Huko hulimwa mmea uitwao hopsi. Ni mmea unaotambaa juu ya nguzo na kamba, na maua yake hutiwa katika bia ili kuipa uchungu na harufu. Maua hayo huchumwa mwanzoni mwa mwezi wa Septemba. Kwa hiyo shule nyingi za Kent zilipanga likizo yao ifuate uchumaji wa hopsi.

Wachumaji hawakuwa watu wa Kent peke yao. Maelfu ya familia maskini za mashariki ya London walipanda gari la moshi kwenda huko, mama na watoto na bibi, na masufuria yao na blanketi zao. Baba wengi walibaki kazini mjini, wakaja kuwatazama jamaa zao siku ya Jumapili. Walilala katika vibanda na kupika nje juu ya moto wa kuni. Walilipwa kwa kipimo cha hopsi walizochuma, kama vile kwetu mchumaji wa kahawa alipwavyo kwa debe. Fedha hizo ziliwanunulia watoto viatu vya majira ya baridi. Wengi waliokwenda Kent utotoni walisema walipokuwa wazee ya kuwa ile ndiyo likizo pekee waliyopata kuijua.

Msidhani ya kuwa nasifu kazi ya watoto. Mtoto aliyechuma tangu asubuhi mpaka jioni alichoka, na mtoto wa London aliyekaa Kent mwezi wa Septemba alikosa masomo, kwa sababu shule yake ya mjini ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Walimu walilalamika sana. Lakini angalieni jambo moja. Katika mpango ule wa zamani, shule ilipofungwa, mtoto hakuachwa peke yake. Alikuwa ubavuni mwa mama yake. Kazi ya mama na likizo ya mtoto zilikutana mahali pamoja.

KAZI INAPOHAMA

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1880 sheria ilitolewa kwamba kila mtoto wa Uingereza wa miaka 5 mpaka 10 lazima ahudhurie shule. Mwaka 1891 shule nyingi za msingi ziliacha kutoza ada. Baadaye umri wa kutoka shuleni ukazidi kupandishwa. Wakati huohuo watu wengi walikuwa wamekwisha hama mashambani kwenda mijini, kufanya kazi katika viwanda. Na kiwanda si shamba. Mama hawezi kumweka mtoto wa miaka 6 kando ya mashine iendayo kwa nguvu ya mvuke.

Katika miji ya Lancashire, kaskazini ya Uingereza, watu waliishi kwa kusokota na kufuma pamba. Pamba hiyo ilitoka Marekani na Misri, na hata pamba ya Uganda, iliyoanza kulimwa kwa biashara mwaka 1903, ilianzishwa kwa kutazamia viwanda hivyo. Wanawake wengi walioolewa walifanya kazi ya kufuma. Basi watu wa huko walifanyaje?

Zamani kila mji ulikuwa na sikukuu ya kanisa lake. Viwanda vilipokuja, sikukuu hiyo ikawa wiki ya mapumziko ya mji mzima. Viwanda vyote vya mji vilifungwa siku moja, mitambo ikasafishwa na kutengenezwa. Maduka mengi nayo yalifungwa, na shule za mji zikafunga wakati huohuo. Mji huu ulipumzika wiki hii, na mji wa pili wiki nyingine. Watu walipanda gari la moshi kwenda pwani, hasa Blackpool, mahali palipofikiwa na reli mwaka 1846.

Huo ulikuwa mpango wenye busara. Baba, mama na mtoto walipumzika pamoja. Lakini ulikuwa na ila kubwa: wiki hiyo haikuwa na mshahara. Aliyetaka kumpeleka mtoto wake pwani ilimpasa kuweka akiba kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa hiyo wafanyakazi waliunda vyama vya akiba, kila mtu akatoa chake kila wiki. Asiyeweza kuweka alibaki nyumbani, akaishi wiki nzima bila mapato. Tazameni sasa mwaka wa mwisho ubaoni, 1938. Mwaka huo ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria iliyofungua njia ili wafanyakazi wengi wapate wiki moja ya mapumziko yenye mshahara. Walioanza kazi utotoni katika karne iliyotangulia walikuwa wamekwisha zeeka.

WATOTO 40 WA BRADFORD

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Bradford ni mji wa viwanda vya sufu katika jimbo la Yorkshire. Mwanzoni mwa karne ya 20 walimu wa huko waliona ya kuwa watoto wengi huja darasani na njaa. Mtoto mwenye njaa husinzia, na somo halimwingii. Mwaka 1906 Bunge lilitoa sheria iliyowaruhusu wakuu wa elimu wa kila mahali kuwapa chakula watoto wa shule wasiopata chakula cha kutosha.

Tufikie basi mwaka wa pili ubaoni, 1907. Daktari wa shule za Bradford, Ralph Crowley, alitaka kujua kama chakula hicho kinafaa kweli. Akachagua watoto 40 waliokuwa maskini. Kuanzia mwezi wa Aprili mpaka Julai watoto hao walipewa chakula shuleni. Asubuhi walikula uji wenye maziwa na asali ya miwa, pamoja na mkate, na mchana walipata chakula kingine cha moto. Walipimwa uzito kila mara, na watoto wengine wasiopewa chakula walipimwa pia, ili watu waweze kulinganisha.

Matokeo yalikuwa nini? Watoto waliopewa chakula waliongezeka uzito upesi kuliko wenzao. Hilo labda mngeweza kulitabiri. Lakini daktari aliona na jambo la pili. Ilipofika sikukuu ya Pentekoste, shule ilifungwa kwa siku chache, na katika siku hizo chache tu watoto walipungua. Shule ilipofunguliwa wakaongezeka tena. Ilipokuja likizo ndefu ya kiangazi, wakapungua tena.

Tafakarini jambo hilo. Kwa mtoto wa tajiri, likizo ilikuwa michezo na safari. Kwa mtoto wa maskini wa mji uleule, likizo ilikuwa kupungua mwili. Mizani haisemi uongo. Shule haikuwa mahali pa kusoma tu. Ilikuwa pia jiko na ulinzi. Mlango wake ulipofungwa, jiko lilizimika na mlinzi aliondoka, wala hakuna mtu aliyeuliza ni nani atashika kazi hizo.

Watu wa Bradford walitaka kuendelea kuwalisha watoto siku za likizo. Wakaambiwa ya kuwa sheria haikuruhusu. Sheria ya 1906 ilisema chakula ni cha kumwezesha mtoto kufaidi masomo, na siku za likizo hakuna masomo. Lakini tumbo la mtoto halijui kalenda. Wenye huruma na wenye akili waliendelea kudai, hata mwaka 1914, ambao ni mwaka wa tatu ubaoni, sheria ikarekebishwa. Tangu hapo fedha za umma ziliweza kutumika kuwalisha watoto hata shule ikiwa imefungwa.

Huko London nako mwanamke mmoja mtunzi wa vitabu, Mary Ward, alikuwa na shughuli yake. Mwaka 1902 alifungua shule ya likizo kwa ajili ya watoto waliozoea kuzurura njiani wakati wazazi wao wako kazini. Hapakuwa na mitihani. Watoto waliimba, walichora, walifanya kazi za mikono na kucheza mahali pa salama. Mwaka 1907 sheria iliwaruhusu wakuu wa elimu kuanzisha shule za namna hiyo na vituo vya michezo kwa fedha za umma.

Lakini ninyi mnaojifunza kusoma, jifunzeni na kupima maneno. Sheria zile zilisema wakuu “wanaweza” kufanya hivyo. Hazikusema “lazima” wafanye. Kwa hiyo mahali penye watu wenye bidii watoto walipata, na mahali pengine hawakupata kitu. Neno moja dogo katika sheria laweza kuwa tofauti kati ya sahani iliyojaa na sahani tupu.

Wala msifikiri ya kuwa habari hii ilikwisha zamani. Mwaka 1907 mpaka 2020 ni miaka 113. Mwaka huo wa 2020 mchezaji mpira wa Uingereza, Marcus Rashford, ambaye mwenyewe alikulia katika nyumba yenye shida, aliiomba serikali ya nchi yake isiwaache watoto maskini bila chakula wakati wa likizo ya kiangazi. Mwanzoni serikali ilikataa. Kisha mwezi wa Juni ikakubali.

TURUDI NYUMBANI

Haya, sasa turudi kwetu. Shule za wamisheni na za serikali ya kikoloni katika Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuja pamoja na desturi ya mihula na likizo. Leo Kenya na Uganda zina mihula mitatu kwa mwaka. Tanzania Bara ina mihula miwili, na likizo zake ndefu ni za Juni na Desemba.

Katika familia ya wakulima, mtoto aliyerudi likizo alikuwa mikono ya kusaidia. Alipalilia, alichunga, aliteka maji. Hata mtoto wa mjini alipelekwa kijijini kwa bibi yake. Bibi huyo hakuandikwa katika kalenda ya shule, wala hakulipwa mshahara, lakini bila yeye kalenda isingewezekana. Wengi wetu tulio hapa tumelelewa likizo baada ya likizo na bibi wa namna hiyo.

Lakini si kila mama aliye mjini leo ana bibi kijijini, wala nauli ya kumfikia. Wako wanaomwachia mtoto wa miaka 10 kazi ya kumtazama mdogo wake. Wako wanaofunga mlango kwa nje na kumwomba jirani asikilize. Wako waendao na watoto sokoni au kiwandani mpaka msimamizi akawafukuza. Wengine hutafuta masomo ya kulipia, na nadhani baadhi yao hawatafuti masomo hasa, wanatafuta mahali pa salama. Kenya ilikataza masomo ya likizo kwa sheria ya elimu ya mwaka 2013, ili watoto wapumzike. Ni nia njema. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto atapumzikia wapi, na nani atakuwa naye?

Sote tuliliona jambo hili kwa macho yetu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokuja. Mwezi wa Machi shule za Kenya, Uganda na Tanzania zilifungwa. Tanzania ilizifungua shule zote mwishoni mwa Juni mwaka huohuo. Kenya wanafunzi wengi walirudi Januari 2021. Uganda wanafunzi wengi walikaa nyumbani, kwa kufungwa na kufunguliwa nusunusu, mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Hapo ndipo hata wale waliodhani ya kuwa shule ni vitabu tu walipoona ni mizigo mingapi shule ilikuwa ikiwabebea wazazi. Wazazi, na hasa mama zetu, waliibeba mizigo hiyo juu ya kazi zao za kila siku.

Basi tumejifunza nini? Likizo si kama mvua au jua. Watu waliipanga, wakafuata kazi za wakati wao. Walipokuwa wakulima, waliipanga kwa mavuno. Walipokuwa wafumaji, waliipanga kwa wiki ya kiwanda. Kazi zikibadilika, ni haki ya watu kukaa tena na kuutazama mpango. Sisemi ya kuwa likizo ifutwe. Mtoto anahitaji kupumzika, na mwalimu anahitaji pia. Nasema ya kuwa mlango wa shule ukifungwa, kazi ya shule haiishi. Inahamia kwenye mabega ya mtu fulani. Tumtaje mtu huyo, tumwulize mzigo wake ukoje, kisha tuone namna ya kumsaidia.

Wala hatuhitaji kungoja Bunge. Uwanja wa shule waweza kufunguliwa asubuhi mbili kwa wiki, wazazi wakipeana zamu. Majirani watano wenye kazi za siku mbalimbali waweza kupanga kila mmoja awatazame watoto wote siku yake. Vyama vya akiba vya Lancashire vilianza kwa watu wa namna yetu, waliokutana jioni wakiwa wamechoka na kazi.

Sasa namwachia mwalimu wenu awaongoze katika maswali. Someni tena karatasi hii nyumbani, na ikiwezekana msomeeni mtu asiyejua kusoma. Kwaherini.

MANENO MAGUMU

Kuamia: kufukuza ndege wasile mazao shambani.
Masuke: vichwa vya ngano, mtama au mpunga vyenye punje.
Muhula: kipindi cha masomo kati ya likizo na likizo.
Ila: kasoro, upungufu.
Sufu: manyoya ya kondoo yanayofumwa kuwa nguo.

MASWALI

1. Kwa nini shule za vijijini Uingereza zilifungwa wakati wa mavuno?
2. Wiki ya mapumziko ya Lancashire ilikuwa na faida gani, na ilikuwa na ila gani?
3. Daktari wa Bradford aliona nini shule ilipofungwa?
4. Eleza tofauti ya “wanaweza” na “lazima” katika sheria. Toa mfano wako mwenyewe.
5. Kwa majadiliano: Katika mtaa wenu au kijiji chenu, nani huwatazama watoto shule ikifungwa? Andikeni sentensi tatu juu ya mtu huyo, kisha mmoja wenu azisome mbele ya darasa.